Mkebe Mmoja, Mikono Mitatu

Kijiji cha Kasungwa,
kwa mkono wa Stesheni Masta, Tura.
18 Agosti 1974

Kwako Kaka Twalibu,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila Bibi analalamikia magoti na mimi bado nakohoa asubuhi. Baba na Mama kule Mtendeni hawajambo. Baba amepata kazi ya kushona magodoro ya bweni, nyumba nzima imejaa sufi, na Mama anapiga chafya tangu Jumatatu. Wanauliza utakuja lini. Na mimi nauliza.

Unajua homa ya matumbo ilinitoa darasani kidato cha pili, na mwalimu mkuu akasema nirudi Januari. Baba akaona badala ya kukaa bure nije kumwangalia Bibi Mwanamkuu. Basi Operesheni Vijiji imenikuta hapa. Watu wa vitongoji vyote wanahamia Kasungwa kabla ya mvua. Nyumba ya Bibi imeshaezuliwa, mimi na yeye tunalala kwenye ghala la tumbaku pamoja na kaya nyingine nane, tukisubiri kugawiwa viwanja.

Sasa jambo lenyewe. Mwenyekiti, Mzee Silasi, aliona mwandiko wangu akasema, "Huyu binti anaandika kama chapa. Atashika kadi." Nilitaka kukataa lakini sauti haikutoka, na kwa Mzee Silasi anayenyamaza amekubali. Kaka, mimi nimesomeshwa lugha mbili na zote mbili nanyamaza.

Kazi iko hivi. Kila kaya ina kadi moja. Kadi ni mia moja arobaini na tatu, zimesimamishwa ndani ya mkebe wa biskuti. Viwanja navyo ni idadi hiyo hiyo: namba moja iko kando ya kisima, za mwisho ziko mbali, karibu na reli. Wazee wamewekwa mbele ya mkebe ili wapate karibu na maji. Bibi ni wa ishirini. Mimi nachukua kadi, natembea hadi kiwanjani, napiga kigingi chenye namba, narudi, naandika namba hiyo chini kabisa ya kadi, naisimamisha mahali pake, nachukua inayofuata. Nisije nikapotea, nachomeka unyoya wa kuku pale nilipofika.

Eustace, katibu wa kijiji, ananicheka kwa huo unyoya. "Dada wa sekondari," ananiambia, "unahesabu kaya au unaagua?" Anafanya kazi kwenye mkebe huo huo, maana yeye ndiye anayeingiza waliofika na kutoa waliohama.

Wewe unakula mshahara wa kadi huko kwenye kompyuta. Kuna njia nzuri kuliko unyoya? Sasa bado najizoeza tu; nitaanza kupiga vigingi vyenyewe baada ya wiki tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanne


Dar es Salaam
2 Septemba 1974

Mdogo wangu Mwanne,

Marahaba. Nimefurahi kusikia wote hamjambo. Mimi mzima, joto tu na mbu. Nguo alizoshona Baba zimenifaa, mwambie suruali bado haijapasuka.

Nimelisoma swali lako mara mbili, nimecheka, halafu nimejivunia. Mdogo wangu ameshika kadi. Hapa ofisini tuna mashine inayojaza chumba kizima, ina baridi yake peke yake, na inameza kadi zenye matundu kama kuku anayedonoa mtama. Unadhani inachomeka unyoya? Mashine inakumbuka namba tu. Imemaliza ya kumi na tisa, inakwenda ya ishirini. Imemaliza ya ishirini, inakwenda ya ishirini na moja. Basi.

Kwa hiyo tupa unyoya. Andika kwenye kiganja namba uliyofika. Ukirudi kutoka kiwanjani, hesabu kadi kutoka mbele hadi namba inayofuata, vuta hiyo. Usipekue wala usigeuzegeuze. Hivyo ndivyo wenye ujuzi wanavyofanya, na huyo Eustace hatakucheka tena.

Habari ya kuja, tuiache kwanza. Kazi nyingi.

Kaka yako,
Twalibu


Kasungwa
29 Septemba 1974

Kaka Twalibu,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu na ameuliza kwa nini "tuiache kwanza". Bibi hasalimii mtu wiki hii.

Nilitupa unyoya, Kaka. Niliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino kama ulivyoagiza. Sasa sikia kilichotokea, na tafadhali usicheke.

Nimepiga kigingi cha kumi na tisa, nikasimama kidogo kupumzika maana kifua kilinibana. Nilipokuwa huko, Eustace alifunua mkebe. Mzee Kashindye, aliyekuwa wa sita, alikuwa ameondoka siku ile ile kumfuata mwanawe Isikizya. Eustace akatoa kadi yake. Ndiyo kazi yake, hakukosea. Mimi nikarudi, kiganjani imeandikwa kumi na tisa, nikahesabu hadi ya ishirini, nikavuta. Lakini zote za nyuma ya Kashindye zilikuwa zimesogea mbele hatua moja. Bibi alikuwa sasa amekaa kwenye nafasi ya kumi na tisa, nafasi niliyokwisha kuimaliza. Niliyemvuta alikuwa Leonia, yule mjane mwenye watoto wanne, aliyekuwa nyuma ya Bibi. Leonia akapata kigingi cha ishirini. Bibi nikamruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Unyoya ungekuwepo, usingedanganyika.

Sikujua hata kidogo. Nilimaliza mkebe wote, mkononi kikabaki kigingi kimoja, cha mia moja arobaini na tatu. Mzee Silasi akasema, "Hicho ni cha Kashindye aliyehama. Hesabu imekubali." Watu wakapiga makofi. Bibi akakiomba kile kigingi amfungie mbuzi wake.

Juzi ndipo kadi zikasomwa mbele ya watu. Eustace anainua kadi, anasoma jina, anasoma namba ya chini. Akafika kwa Bibi, akageuza kadi, akaigeuza tena. Chini hakuna kitu. Mzee Silasi akasema kadi isiyo na namba ni ya kijiji cha pili, ng'ambo ya mbuga, ikatolewa mkebeni. Ndivyo ilivyoagizwa, orodha haibishaniwi. Kule kisima kiko maili nne, Kaka. Bibi hafiki hata msikitini bila kupumzika mara mbili. Lori la kuwahamisha waliobaki linakuja tarehe kumi Desemba.

Watu wanasema Eustace amefanya makusudi kwa sababu mbuzi wa Bibi alikula karanga zake mwaka jana. Kina mama hawamjibu salamu. Mama yake, Pelagia, amelia mbele ya kanisa. Na mimi, niliyesimama pale nimeshika daftari, ninayejua ilivyokuwa, sikusema neno. Usiku nalala karibu na Bibi, nasikia anavyogeuka kwenye mkeka, nanyamaza. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Nifanye nini?

Mwanne


Dar es Salaam
13 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa, imefika jana ikiwa na alama ya chai ya mtu.

Kwanza usilie. Kosa si lako, ni la huyo Eustace. Mwenzako anapoipitia orodha, huingizi mkono ukaanza kuchomoa. Mtoto mdogo anajua hilo. Wawili hawawezi kuchota kwenye sufuria moja huku mmoja anaiepua. Utaniambia alikuwa anafanya kazi yake. Na nyoka naye anafanya kazi yake.

Ulipaswa kunakili kadi zote kwenye daftari kwanza, kisha upige vigingi kwa kufuata daftari. Nakala haisogei hata wakichomoa nini. Fanya hivyo tangu sasa.

Pili, nimeshachukua hatua. Nimemwandikia Mwenyekiti Silasi moja kwa moja, kwa heshima zote, kwamba kadi ya Bibi iingizwe upya mkebeni ili afikiriwe kiwanja. Wewe usifanye lolote. Usiguse mkebe. Niachie mimi.

Kaka yako,
Twalibu


Kasungwa
15 Oktoba 1974

Kaka Twalibu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako bado. Naandika haraka, treni ya mizigo inasimama dakika chache.

Nimesikia kikao cha viwanja kitakaa tarehe nne Novemba, kitazame kila kadi iliyomo mkebeni isiyo na namba. Ya Bibi ilikwisha kupelekwa kijiji cha pili. Kwa hiyo leo, Eustace alipokwenda kunywa uji, nimeandika kadi mpya ya Bibi Mwanamkuu, nimeichomeka nyuma kabisa. Nilichungulia mlangoni kama mwizi, nikatoka. Sikumwambia mtu.

Nadhani nimefanya vizuri mara hii. Utaniambia.

Mwanne


Kasungwa
10 Novemba 1974

Kaka,

Shikamoo. Baba na Mama wazima. Mimi mzima. Yatosha hapo, maana nina hasira na nikizisema salamu zote nitapoa.

Barua yako ya kuniambia "usiguse mkebe" imenifikia siku tano baada ya mimi kuugusa. Barua yako kwa Mzee Silasi imefika siku hizo hizo. Naye, kwa kuwa anaheshimu watu wa Dar, akaandika kadi ya Bibi kwa mkono wake, akaichomeka. Bibi akawa na kadi mbili. Mimi sikujua ya kwake, yeye hakujua yangu.

Yaliyofuata kila mmoja amenisimulia upande wake baadaye: kabla ya kikao Eustace akapitia mkebe, akaona Mwanamkuu wawili. Akasema moyoni, hapa pamekosewa, nitatoa moja. Siku ile ile Mzee Silasi naye akapitia, akaona wawili, akasema moyoni vivyo hivyo. Kesho yake asubuhi Eustace akaja akatoa moja. Mchana Mzee Silasi, ambaye tayari alikuwa ameamua, akaja akatoa iliyokutana na kidole chake. Hakuhesabu tena, alikwisha kuhesabu jana yake. Kila mmoja akaondoka akijua ameacha moja.

Kikao kikakaa. Wakafungua mkebe. Hakuna Mwanamkuu.

Nimeuliza kwa sauti ndogo, "Bibi yangu je?" Mzee mmoja wa kikao akanijibu, "Binti, mwenye shida huleta kadi."

Na ile nakala yako. Nilikuwa nimenakili kadi zote kwenye daftari, kama ulivyoagiza. Kweli daftari halisogei. Ndilo tatizo lake. Tangu ninakili, kaya mbili zimeingia na mtu mmoja amefariki, Mungu amrehemu, na daftari langu bado linamgawia kiwanja. Sasa kijiji kina orodha mbili, na watu wanachagua ile inayowapendeza. Jana wawili wameshikana mashati, mmoja anasema mkebe umesema, mwingine anasema daftari limesema.

Kaka Twalibu, nakupenda na nakuheshimu, lakini naomba usinisaidie tena.

Nilimsimulia Bibi habari ya kadi mbili, ila sikumwambia nani alimruka mwanzo. Alikuwa anachambua mchicha wa mwitu. Hakucheka. Alisema, "Baba yangu alikuwa mnyampara wa wapagazi. Kutoka hapa Tura mpaka Ujiji, mizigo mia tatu. Kila kambi mizigo inapangwa chini, mwenye fimbo anahesabu. Fimbo ikiwa mkononi mwa mtu, hakuna mwingine anayenyanyua wala kutua mzigo, hata kama ni wake, hata kama mvua inanyesha. Akimaliza anaichomeka chini, ndipo mwingine aichukue. Mizigo ya watu imefika Ujiji bila kupungua. Nyinyi mnanipoteza kwenye mkebe wa biskuti."

Kisha akanituma nikamhamishe mbuzi. Anamfunga karibu na kisima, kwenye majani marefu, sehemu ambayo hakuna mtu anayekuja kumfukuza.

Bado siku thelathini lori lije. Wingu limeanza kukaa upande wa Nyahua.

Mwanne


Dar es Salaam
24 Novemba 1974

Mwanne,

Marahaba. Nimezima taa mara mbili na kuiwasha tena kabla ya kuandika hii.

Sipo tena kwenye mashine. Tangu mwezi wa sita. Wakati unaniuliza habari ya unyoya mimi nilikuwa chumba cha chini, napanga karatasi kwenye mafaili. Tulikuwa wawili kwenye droo moja ya kadi, mimi na Abbasi. Ilikuwa orodha ya vijana wa kwenda masomoni. Yeye anaingiza majina mapya na kutoa ya waliojitoa, mimi naipitia kwa namba, kumi na tisa, ishirini, kama nilivyokufundisha kwa majivuno yote yale. Niliruka watu saba. Mmoja alitembea kutoka Singida kuja kuuliza kwa nini. Nilimwona kwenye ngazi na viatu vyake mkononi. Nilikaa kimya, Abbasi akalaumiwa, akafukuzwa. Wiki mbili baadaye walinigundua, lakini Abbasi alikwisha kuondoka na sijui alikokwenda.

Ndiyo maana siji nyumbani. Mama angeniuliza kazi inaendeleaje.

Ulipoandika habari ya Eustace na kadi ya sita nililijua kosa lako kabla sijamaliza ukurasa. Ningeweza kukwambia hapo hapo kwamba ni langu. Nikakuandikia habari za nyoka.

Sina ushauri. Sijamwandikia mtu mwingine yeyote huko.

Twalibu


Kasungwa
8 Desemba 1974

Kaka Twalibu,

Shikamoo. Mvua imenyesha juzi kwa mara ya kwanza, ghala linavuja pembe mbili. Mama hapigi chafya tena, magodoro yamekwisha. Barua yako nimeisoma nyuma ya stesheni, nimeikunja, nimeiweka kwenye Msahafu. Sijamwonyesha mtu.

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Ajenda ya pili ilikuwa kumwondoa Eustace ukatibu. Alisimama mbele, kofia mkononi, akasema hajui kadi ya Bibi iliachwaje, yeye aliikuta hivyo. Mtu akasema, "Ziulize karanga zako." Watu wakacheka. Nikaona viatu. Sijui nieleze vipi, Kaka. Yeye alikuwa pekupeku, lakini mimi niliona viatu vya yule kijana wako wa Singida.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya Kiswahili, yakapotea, yakaja ya Kiingereza, nayo nikayameza. Mwisho nikasema tu, "Si yeye. Ni mimi niliyemruka Bibi. Nilihesabu kwa kiganja wakati kadi zinatolewa, na nimejua tangu siku zile, nikanyamaza."

Mzee Silasi akasema, "Kumbe una sauti." Eustace alivaa kofia yake. Bibi alikuwa amekaa mbele na akina mama. Hakugeuka.

Mzee Silasi akaniuliza, haya, lori liko njiani, unataka tufanye nini. Nikamwambia habari ya fimbo. Nilidhani watacheka, lakini wazee wawili wakaanza kuitikia kwa vichwa. Baba zao pia walibeba mizigo. Mzee Silasi akatoa fimbo yake mwenyewe. Ikakubaliwa: mwenye fimbo ndiye anayefungua mkebe, wengine wote mikono nyuma, awe mwenyekiti, awe nani. Daftari langu nikalichana mbele yao. Saa ile ile Eustace akachukua fimbo, akaenda nayo kwao kula, akalala, na kijiji kizima kikasubiri mpaka saa kumi kwa sababu hakuna aliyethubutu kugusa. Pelagia ndiye aliyemwamsha. Kwa hiyo tumeongeza sheria: fimbo hailali.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya fimbo, kuhakiki vigingi. Sikuhesabu kadi zikiwa mkebeni. Niliubeba mkebe wote kifuani na fimbo mkononi, nikatembea kutoka kigingi hadi kigingi, watu nyuma yangu. Nafika kigingi, naita aliye na namba hiyo, anaitika, nasonga. Cha kwanza, ameitika. Cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano.

Cha sita, nikatafuta kadi yenye sita chini. Hakuna. Nikaita, "Namba sita." Hakuna mtu. Ilikuwa ya Mzee Kashindye, Kaka. Kadi yake ilitoka, lakini kigingi chake nilikwisha kukipiga ardhini. Kile kilichobaki mkononi mwangu hakikuwa cha kwake hata kidogo, kilikuwa cha Bibi. Hesabu ilikubali, na sote tukapiga makofi.

Nikaita mara ya pili, maana nilitaka wasikie. Ndani ya majani marefu mbuzi wa Bibi akaitika. Alikuwa amefungwa pale pale, hatua thelathini kutoka kisimani, kwenye kigingi cha mia moja arobaini na tatu, na amekwisha kula nusu ya kiwanja.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Silasi akaniamuru niandike kadi mpya, nikaandika mbele yao, Mwanamkuu, sita. Eustace mwenyewe ndiye aliyeshika mkebe nilipokuwa naandika. Aliniambia kwa chini, "Dada wa sekondari, miezi miwili." Nikamwambia, "Najua." Hajanisamehe, na sidhani kama ana haraka.

Bibi alikuja mwisho, kwa kupumzika mara mbili. Akazunguka kiwanja, akakiangalia kigingi cha sita, akakiangalia cha mbuzi. Nikamwomba radhi pale pale. Akasema, "Wewe ulinilalia ubavuni siku zote hizo unajua." Nikasema ndiyo. Akaninyang'anya fimbo, akaichomeka chini, akakaa juu ya majani na kunyoosha magoti. Hajanijibu mpaka leo, ila jana alinipakulia ukoko, na unajua ukoko huwa hampi mtu.

Nilimwambia habari yako pia, si yote, nilimwambia tu kwamba unaogopa kuja. Amesema njoo kabla sijarudi shule, kuna kuta za kukandika na yeye hana mtu. Amesema uje na mikono yako, na ukifika usiguse mkebe mpaka upewe fimbo.

Mimi nasema njoo. Na kama utaweza, kabla hujapanda treni, mtafute Abbasi.

Mdogo wako,
Mwanne